Kiraka

Kutaisi, alfajiri. Theluji haijaamua.
Tsiala kaketi jikoni, mikono juu ya meza
kama mali ya mtu aliyemwachia amtunzie.
Miaka thelathini iliunga nyuzi za hariri kiwandani;
leo haifungi hata kifungo.
Baridi yabisi. Yake haiyeyuki hata kiangazi.

Vidonge vilimla tumbo, akavikataa.
Daktari akampa kiraka
(kiraka, yeye!)
chembamba kuliko ganda la kitunguu:
kibandike begani, dawa itapenya yenyewe,
tumbo lisijue.

Sawa. Lakini pakiti haifunguki.
Aliyeibuni alikuwa na vidole vizima.
Anajaribu meno. Anajaribu kisu cha jibini.
Anaitukana, kisha anaiomba radhi.

Mwishowe anagonga ukuta kwa kiwiko.
Gocha wa jirani, miaka tisa, anakuja na soksi moja,
anaichana mara moja, chwaa,
anambandikia, anapapuliza
kama apulizavyo uji wake.

“Inauma?”
“Bado haijafika.”

Wanangoja wote wawili, macho kwenye mkono wa kulia.
Kidole cha shahada kinatikisika.
Huenda ni dawa. Huenda ni baridi tu, hii ya dirishani.
Gocha anahesabu hata hivyo: moja.