Sanduku la Pili

Daktari mgeni ana karatasi yenye masanduku matano:
hakuna maumivu, kidogo, ya wastani, makali, hayavumiliki.
Mimi niko katikati yao, kwenye kiti cha plastiki,
nalipwa kwa siku kuvusha maneno.
Mama ametoka Kaniola kwa miguu,
goti lake limekuwa kama boga.
Inauma, mama?
"Kidogo."
Daktari anashusha kalamu, sanduku la pili.

Subiri, daktari. Inua kalamu.
Sijamaliza kuvusha.

Pale Nyawera, Nankafu anapima sambaza kwa gobele,
anasawazisha kwa kiganja, hakuna hata mmoja anayechomoza mkia.
Mnunuzi haondoki. Anasimama na mfuko wazi:
ongeza kidogo.
Na Nankafu, huku akilaani, anatupia samaki wanane juu ya bei.
Wanane hao ndio mboga ya mtoto wa mwisho.

Umeme nao huja kidogo, saa tisa za usiku;
mtaa mzima unaamka kupiga pasi.
Ukibahatika utamaliza kola na mkono mmoja,
uende kazini umenyooka upande.

Kuna mvua kidogo. Kadutu wanaijua.
Asubuhi jirani anakikuta choo chake uani kwa mtu mwingine,
mlango ukiwa bado na kufuli.

Na kuna "njoo kidogo"
ya mwenye bunduki kwenye kizuizi.
Hiyo usiipime kwa saa. Mzee Balagizi aliitika
akiwa ameshika mkate wa moto;
mwaka wa nne huu mkewe anaosha sahani isiyochafuka.

Mama mdogo wangu, Nshobole, alikuwa na kimo cha mlango.
Akipanda na gunia la makaa kutoka bandarini
vijana walimpisha.
Udogo wake ulikuwa wa zamu tu:
mama alitangulia kuzaliwa, akatangulia kufa,
mdogo akabaki kuwa mama.
Daktari, lugha yako ina neno moja
kwa ajili yake na kwa dada ya baba.
Naionea huruma.

Halafu ka.
Nyumbani tulikuwa na ka kwa kila tulichokipenda:
kachai, kanyumba, kajua ka saa kumi na moja.
Cirhuza, mdogo wangu, tulimwita kadogo
kwa sababu alilala ndani ya beseni akaenea.
Kisha ukaja mwaka ambao neno hilo lilivishwa buti,
likapewa bunduki iliyoburuta kitako chini.
Aliporudi sauti ilikuwa imekomaa, macho hayatulii.
Bibi akamwita kama zamani, kwa upendo ule ule,
naye akasimama wima, akapiga saluti,
jikoni, mbele ya sufuria ya maharage.
Tangu siku hiyo kwetu tunakunywa chai nzima.

Basi mama huyu anaposema kidogo
sijui ameshika kipi.
Huenda anasema: nisikusumbue, mwanangu.
Huenda anasema: makali nayajua, haya siyo.
Huenda ni kile cha "kidogo nife,"
ambacho aliyekaribia kufa hukitamka akicheka,
akitafuta ndara yake matopeni.

Daktari anatazama saa. Anataka kujua kama kuna anachohitaji.
"Maji," anasema mama. "Kidogo."
Naleta jagi. Anakunywa mpaka chini kabisa,
analigeuza kuona kama kuna tone.

Namuuliza tena: sasa inauma vipi?
Anapangusa mdomo kwa ncha ya kitenge,
analitazama goti kama mgeni
aliyeaga tangu mchana na bado amekaa.
"Imepungua," anasema.
Nasubiri.
"Kidogo."

Kalamu ya daktari bado iko hewani.