Mwavuli wa Lari Sitini

Kutaisi, mvua haipigi hodi.
Inaingia Novemba kama mtu anayekudai,
inakaa hadi Machi,
na kila asubuhi inauliza umevaa nini.

Msimu mmoja nilinunua miavuli mitatu
pale stesheni, kwa Tsiuri, lari nane nane.
Wa kwanza uligeuka kikombe darajani,
upepo wa mtoni ukanywa humo.
Wa pili ulitoa ubavu mmoja, kisha mwingine,
kama mbwa asiye na mwenyewe.
Wa tatu nisiuseme vibaya: ulifika Februari,
ukanifia mkononi nikiwa mlangoni pangu.

Mimi huhesabu kwa makoti.
Ninatundika makoti kwenye jumba la tamthilia,
koti moja tetri ishirini. Ukitaka kujua bei ya kitu
usiniulize mimi, liulize bega langu la kulia.
Lari nane: makoti arobaini.
Mara tatu: mia na ishirini,
likiwemo lile la manyoya la mke wa daktari wa meno,
ambalo kwa haki lingelipiwa kwa kilo.

Rahisi ghali, nikajiambia. Nikaenda kwa Otia,
fundi miavuli, nyuma ya soko la jibini.
Akafungua mmoja, mweusi, mpini wa mti wa jozi.
"Sitini," akasema, bila kunitazama.
Nikasema arobaini. Akaufunga.
Nikasema hamsini. Akawasha sigara.
Makoti mia tatu, Otia!
"Kila Oktoba kaza skrubu hii," akasema,
"mizunguko miwili tu. Utakuzika."

Wiki sita nilitembea kama mwenye shamba.
Mvua ikipiga juu, mimi chini nasikia
sauti ya kitu kilicholipiwa.
Hata Zaali, mume wangu, anayeona chumvi ni ghali,
aliuazima kwenda kununua mkate
akarudi kwa njia ndefu.

Kisha nikausahau kliniki, kwenye foleni ya kutoa damu.
Dakika tano. Niliporudi, palikuwa na dimbwi dogo,
mviringo, saizi ya ncha yake.

Ile mibovu ya Tsiuri, kama unataka kujua, ipo yote.
Mbavu zake zinashikilia nyanya za dada yangu,
kitambaa cha mmoja ndicho mfuko wa vibanio vya nguo.
Hakuna aliyewahi kuniibia kitu cha lari nane.

Aprili nikauona. Unavuka Daraja Jeupe
juu ya msichana mwenye fidla mgongoni.
Fidla ilikuwa kavu; yeye, nusu bega nje.
Niliujua kwa mpini. Niliujua kwa namna
mvua ilivyouheshimu.

Nikamfuata hadi duka la dawa, nikipiga hesabu:
mia tatu, toa wiki sita, baki nini?
Maneno yalikuwa tayari mdomoni: wangu huo.
Akageuka. Nikausikia mdomo wangu ukisema,
"Hiyo skrubu, binti. Kila Oktoba. Mizunguko miwili."
Akanitazama kama anavyotazamwa
mwendawazimu aliyelowa.

Sijui kama nilitoa zawadi au niliogopa tu.
Zaali anasema niliogopa.

Nikapitia stesheni. Tsiuri akaniuzia kwa lari saba
kwa sababu, alisema, mimi ni mteja wa siku nyingi.
Una maua ya njano. Mbaya, unatisha.
Lakini ulinifikisha nyumbani.
Nimeutundika kwenye msumari wa ule mwingine,
na upepo ukija nashika mpini kwa mkono mmoja,
kwa mkono wa pili nazishika mbavu zake, juu,
tunasaidiana.