Kigingi cha Mafuta

Nyaketcho kaleta damu ya ng'ombe wake
ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.
"Amekonda," anasema. "Anasimama tu,
kama aliyesahau alichofuata."

Naweka tone chini ya darubini.
Hao hapo, wanajinyonganyonga
kati ya chembe nyekundu:
zawadi ya mbung'o wa Mto Malaba.

Daktari Obbo alitufundisha neno moja, nanga.
Kila protini, alisema, ina nanga yake kwenye utando.
Lakini mimi mtu wa Tororo,
nanga nimeiona kitabuni.
Ninachokijua ni mbuzi, kamba na kigingi.

Basi protini ndiyo mbuzi.
Haingii ndani ya seli, inakaa uani.
Kamba yake ni sukari, punje chache zilizoshikana,
na kigingi ni miguu miwili ya mafuta
iliyozama katika utando ambao nao ni mafuta.
Hakuna gundi. Hakuna msumari.
Mafuta yameyakataa maji, basi,
yakajibana na wenzao
kama watu wa soko mvua ikishuka, chini ya bati moja.

Na uwanja wenyewe hautulii:
kigingi kinaelea,
mbuzi anazurura na kigingi chake
na bado amefungwa.

Milioni kumi kwa mdudu mmoja,
bega kwa bega, koti lisilo na mshono.
Kingamwili ikija haigusi ngozi.
Ikishalizoea koti,
kuna mdudu pembeni keshavaa jingine.

Jana niliwapasua kwa maji matupu.
Mkasi wao wenyewe ukaamka,
kimeng'enya walichokificha miaka yote,
ukakata pale kamba inapokutana na kigingi.
Protini zikamwagika majini, huru, hazina kazi.
Miguu ya mafuta ikabaki ilipo.
Nilikaa nikiitazama ile mirija
hata chai ikapoa.

Haya simwambii Nyaketcho.
Hakuja kwa ajili ya koti.
"Atapona kabla shule hazijafunguliwa?"
Nasema, tujaribu sindano.
Nakadiria uzito wa ng'ombe nisiyemwona,
namtajia bei.

Anashika ncha ya gomesi yake,
pale alipofunga noti,
anahangaika na fundo kwa kucha,
halafu kwa meno.