Bila Kutia Chumvi

Kwetu mtu akizeeka husemwa amekula chumvi nyingi.
Kule Akita, kaskazini mwa Japani,
waliokula chumvi nyingi walizikwa na nywele nyeusi.

Theluji ilifunga njia Desemba, ikaifungua Machi.
Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na pipa:
figili, kabichi, biringanya za mwisho wa msimu,
tabaka la mboga, tabaka la chumvi,
na juu kabisa jiwe la mtoni, kubwa kama kichwa cha ndama.
Chumvi haikuwa kiungo. Ilikuwa ukuta
kati ya watoto na njaa,
na nani huushuku ukuta wa nyumba yake?

Genzaburo alizimwagia figili zake sosi ya soya,
juu ya chumvi, chumvi nyingine,
mpaka kibakuli kiwe cheusi tii.
Supu ya miso alfajiri, supu mchana, supu usiku.
Muuguzi wa wilaya alipopita na mashine ya presha,
alimpa chai, akamnyima mkono.
"Mlango wa hospitali siujui," alisema,
na ni kweli, hakuujua.
Alikuwa na miaka hamsini na minane
asubuhi aliyopanda paani kuondoa theluji.
Tsuyako, mke wa mwanawe, alikuwa chini
akimfunga mtoto kamba za viatu.
Hakusikia kilio.
Alisikia beleshi likiteleza peke yake.

Matangani walipakua zile figili.
Wageni wakasema: mtu mwenye nguvu vile!
wakaomba waongezwe.
Tsuyako akamwona mumewe, Shuichi,
akinyoosha mkono kuifuata chupa ya sosi
kabla ulimi haujaonja chochote.
Ulikuwa mkono wa baba yake,
amerithi pamoja na mashamba ya mpunga.

Hakusema neno. Wanaume wa nyumba ile hawakuwa wa kuambiwa.
Vuli ile alilipunja pipa ngumi moja ya chumvi.
Vuli iliyofuata, mbili.
Supu akaijaza viazi, uyoga, vitunguu majani,
hadi miso ikakosa pa kukaa.
Mama mkwe, Kinu, akakishusha kijiko:
"Haya ni maji ya kuoshea miguu?"

Mwaka wa tatu pipa zima likaoza.
Figili arobaini. Alizibeba usiku, ndoo baada ya ndoo,
hadi shimoni nyuma ya ghala,
uvundo umemganda kwenye mikono ya koti,
akilia kwa hasira zaidi kuliko aibu,
maana chumvi nayo ilikuwa na haki yake.
Kinu hakumsemesha mpaka theluji ilipoyeyuka.
Ndipo wakauza ndama, wakanunua friji.

Nisimulie bila kutia chumvi:
jirani yao Matsunosuke alilamba chumvi kama ng'ombe,
akafika miaka tisini na moja,
akafa kwa kuteleza bafuni.
Kila Tsuyako alipofungua mdomo, walimtajia Matsunosuke.
Hakuwa na jibu.
Alikuwa na kijiko tu, na mkono unaojizuia,
mara tatu kwa siku, miaka kumi na tisa.

Msiba usiotokea hauna matanga.
Hakuna anayeleta mchele, hakuna anayekuja kukupa mkono,
wala huwezi kumwonyesha mtu tarehe yake.

Januari hii Shuichi ana miaka hamsini na tisa.
Yuko paani, anatupa theluji, anatukana baridi.
Tsuyako ameshika ngazi kwa mikono miwili
ingawa ngazi imefungwa kwa kamba.
Kila beleshi linapokwangua bati, anapumua.
Likinyamaza, hapumui.

Anashuka, masikio mekundu, anavua glavu.
Anaketi, anaonja.
"Supu hii haina ladha," anasema,
kama alivyosema jana,
na anainua bakuli lote hadi usoni.