Chokaa ya Ndani

Daktari Asaa aliinua picha dirishani,
Mkoani, saa nne asubuhi, umeme umekatika.
Akasema: hapa, na hapa. Nikaona weupe
kama ukuta uliopakwa na mtu asiyejua kuacha.

Baba alichoma chokaa Kengeja miaka thelathini.
Matumbawe, magogo ya mnazi, moshi siku tatu.
Alirudi nyusi nyeupe, akikohoa, akicheka:
"Nyumba za watu zinang'aa."

Nilitaka kumjua mwizi.
Ni hewa ile ile, akasema daktari,
ile inayokula bati la choo chenu.
Moshi huizalisha oksijeni watoto wenye njaa:
chembe iliyopungukiwa elektroni
humpora jirani, jirani naye humpora wa pili,
utando wa seli unachanika,
na wazima moto wa mwilini wamekwisha.

Ndipo huitwa mafundi.
Hawana ubaya, mafundi hao. Wanaona ufa, wanaziba.
Ufa hauishi, nao hawashuki ngazi:
nyuzi juu ya nyuzi, lipu juu ya lipu,
mpaka kifuko cha hewa, chembamba kuliko ganda la kitunguu,
kimekuwa chumba kisicho mlango.

Usiku namsikia baba akivuta pumzi
kama avutaye ndoo kisima kirefu.
Nimemwekea mito mitatu.
Ukuta wa chumba chake unabanduka, unataka kupakwa.
Ananitazama nikiutazama.
"Uache," anasema. "Uache
upumue."