Mwalimu Havlicek Anabisha Hodi

Nilikuwa nimevua buti moja tu,
la pili bado lina damu ya ng'ombe wa zamu ya usiku,
alipobisha.
Jumamosi, saa mbili asubuhi, theluji imefika dirishani,
na mbwa wangu, ambaye hubwekea hata kivuli chake,
kanyamaza kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Wendell Prusa," akasema. "Bado unaandika saba kama moja?"

Miaka ishirini na sita.
Bado naandika hivyo.

Amevaa koti la marehemu mumewe, mikono imekunjwa mara mbili,
mfukoni kalamu nyekundu, ileile ama mjukuu wake,
na kwapani karatasi zenye picha iliyopigwa na mtu asiyejua
kwamba huyu mama hatabasamu
mpaka jibu ulipate mwenyewe.

Anagombea bunge la jimbo. Nikajiandaa kwa hotuba.
Akaketi jikoni, akasogeza bakuli la uji wa mtoto, akauliza:
Zamu moja wanakulipa ngapi?
Na mlezi, kwa saa?
Na ukiugua?

Ukiugua, Mwalimu, unakwenda.
Mwezi jana Marisela wa meza ya nne alitapika kwenye ndoo,
akafunga upya aproni, akarudi kwenye kisu.
Mkanda wa nyama haujui homa.

Akaandika yote kwenye daftari la mistari,
akapiga mstari chini, kama zamani, akajumlisha.
Akajumlisha tena.
Kisha akanitazama juu ya miwani:
"Safari hii, Wendell, si wewe uliyekosea hesabu."

Nikasimama, nikajifanya natafuta sukari.

Hakusema mengi juu yake mwenyewe. Jambo moja tu,
akiwa anavaa glavu:
kwamba kwa miaka thelathini na moja aliwaamsha watoto
waliolala juu ya madawati,
akawagongea rula, tap, tap,
wala hakuwahi kuuliza
nani alibaki nyumbani kuwalaza.

Ndugu yangu anacheka. Dua la kuku, anasema.
Yule mwingine ana mabango toka lango la kiwanda hadi makaburini,
ana duka la malori, ana meno.
Mwalimu ana keki za kina mama wa kanisani
na kipaza sauti kilichomfia katikati ya sentensi
pale ukumbi wa maveterani,
akaendelea bila hicho, kwa sauti ya darasani,
na wazee wa nyuma wakakaa wima, wakatoa mikono mifukoni.

Siku ile sikulala. Nilimwendesha kwa gari langu,
kifaa cha joto kinakohoa, yeye na orodha yake mapajani.
Kila mlango ana dawati lake:
huyu safu ya tatu, dirishani;
huyu alikula chaki;
huyu alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, nani alimwambia aache?
Kwa familia iliyotoka Burma alivua viatu kabla hajaambiwa.
Kwa msimamizi wangu, Roy Tvrdik, mlango ulifungwa
kabla hajamaliza jina lake.
Akatoa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: *hayupo*.
"Nitarudi Jumanne," akasema. "Roy alikuwa mtoro tangu zamani."

Uchaguzi ni mwezi wa tano. Sijui.
Huku kwetu watu humpenda mwalimu
kisha humpigia kura mwenye lori.

Lakini usiku huu, kwenye fomu ya saa za ziada,
ile ambayo kila mara hurudi na malipo ya saa moja,
niliandika saba,
nikasimama kidogo, foleni nyuma yangu inaguna,
halafu nikaikata katikati kwa mstari mnene,
ili Roy asiniambie tena
kwamba hakuona vizuri.