Kubadili Ta Kuwa Li

Daktari Kerubo ameandika pembeni kwa wino wa kijani:
"Pendekezo limepita. Sasa badili njeo.
Kila -ta- iwe -li-."
Silabi kwa silabi. Kazi ya alasiri moja, nikadhani.

Nimekodi chumba Langoni, ghorofani. Ukuta unamwaga chokaa
juu ya vitufe vya kompyuta; umeme ukikatika
naandika nyuma ya risiti za duka la dawa.
Chini punda wanapita na saruji,
mwenyewe akiwatukana kwa majina ya mawaziri.

Nitahoji wanawake kumi na wawili washonao kofia.
Nilihoji tisa.
Wawili waliniambia njoo kesho,
na kesho ndiyo ilikuwa jibu. Sikulielewa.

Sampuli: mpira wa theluji, ndivyo kitabu kisemavyo,
mmoja akuelekeze kwa mwenziwe, nawe unenepe ukibingirika.
Theluji gani, Lamu?
Kilichobingirika ni mimi,
kutoka mlango wa Bi Barke hadi kwa mkaza mwanawe,
kutoka huko hadi Mkomani kwa Shuwea,
aliyetaka kwanza nimshikie mtoto,
kisha nimmenyee vitunguu,
kisha niseme babu yangu alizikwa wapi.
Niandikeje? "Uteuzi wa washiriki ulipitia vitunguu."

Zana: simu moja, madaftari mawili, maswali kumi na manne.
Bi Barke aliyasikiliza yote bila kuinua macho.
"Wewe wauza sana," akasema.
Nikaapa sikuja kuuza chochote.
Alicheka hata uzi ukamponyoka:
kumbe kwao kuuza ni kuuliza,
na mimi, mjukuu wa Mkomani niliyelelewa Nakuru,
neno hilo lilibaki sandukuni mwa nyanya.
(Hapa ndipo kiingie kile kifungu, Nafasi ya Mtafiti:
si mgeni, si mwenyeji; mtu wa kizingitini,
anayevua viatu bila kuambiwa
kisha hajui akae upande gani.)

Ridhaa. Fomu ya kurasa mbili, muhuri wa chuo.
"Jina lako halitatajwa," nilisoma. "Utaitwa Mshiriki wa Nne."
Sindano ikasimama.
"Kofia hizi nazishona mimi. Zavawa harusini, zavawa Ijumaa,
hapana hata moja yenye jina langu ndani.
Nawe waniletea karatasi ya kunifuta tena?
Andika Barke. Barke binti Shee."
Kamati ya maadili haijajibu barua yangu.
Kwa sasa ameandikwa kwa penseli.

Data: dakika arobaini na moja za Shuwea,
kumi na moja kati yake kimya,
tangu nilipouliza pesa hupokelewa na nani.
Uzi unapita kitambaani. Jirani anatwanga.
Programu ya kunukuu iliandika: hakuna sauti.
Nikafuta, nikaandika: anashona.

Uthabiti: nilirudi kwa Barke, nikamsomea maneno yake.
"Si uongo," akasema, "lakini umeyapiga pasi."

Imebaki sentensi moja, ukurasa wa sitini na mbili:
"Nitamhoji Bi Amne, mkongwe wa kazi hii,
ambaye huchora maua mwenyewe kabla ya kushona."
Nilimweka mwisho, kwa mpango;
nilitaka nifike kwake nikijua cha kuuliza.
Nilifika Jumanne. Barazani wanaume wamejaa,
ndani wanawake wanasoma Yasini.

Li haikai hapa. Nimeijaribu.
Nilimhoji: uongo.
Sikumhoji: kweli, lakini ni kama sikutaka.
Sarufi inayo -ngali-,
nami sijaona tasnifu yenye ngali katika Sura ya Tatu.

Binti yake alinionyesha kofia aliyoiacha:
maua ya penseli yamezunguka kote,
uzi umefika robo.
Nikaipiga picha, mkono ukitetemeka, haikutoka vizuri.

Nimebadili zote, mia moja na nane.
Sentensi ile nimeiacha na -ta- yake.
Ataizungushia wino wa kijani.